Nchi Iliyoamkia Mafaili

Ilikuwako nchi moja, na sijasikia kwamba imekoma kuwako, ambayo watu wake walikuwa na adabu kuliko watu wote duniani. Walilijua hilo kwa sababu waliambizana kila siku. Jina la nchi sitalitaja. Mara ya mwisho nilipouliza, niliambiwa limepelekwa wizarani kupambwa na bado halijarudi.

Katika nchi hiyo aliishi Bwana Faraji Mtondoo, Katibu wa Adabu katika Wizara ya Ulinzi wa Vitu Visivyoonekana. Kazi yake ilikuwa kusoma barua za wizara kabla hazijatoka. Barua ikifikia jambo lenyewe kabla ya ukurasa wa pili, aliirudisha kwa mwandishi wake ikajulie watu hali kwanza. Alikuwa na jozi mbili za miwani, moja ya kusomea na nyingine ya kuonekana anasoma, na hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni salamu. Akitumwa mkate asubuhi, ulifika mezani mchana, maana njiani kulikuwa na watu, na watu wana wazazi, na wazazi wana magoti yanayouma. Mwenyewe alijijua, na alikuwa wa kwanza kujicheka.

"Siku nyumba hii ikishika moto," alimwambia mkewe, Bi Saumu, "usinitume mimi kuita zimamoto. Itateketea nikiwa bado kwenye habari za watoto."

"Na za mbuzi," alisema Bi Saumu.

*

Basi siku moja redio ikatangaza kwamba virusi vya kompyuta vimeonekana mpakani. Walioviona hawakutajwa. Askari wa mpaka waliongezewa tochi, na wananchi wakashauriwa kufunika kompyuta zao kwa kitambaa kizito mpaka hali itakapoeleweka. Wengi wakafunika, na wale waliokuwa na vitambaa vilivyotariziwa maua wakaalika majirani waje kuona.

Ukweli ni kwamba kompyuta za majumbani zilikuwa tayari na programu ya kuzuia virusi, iliyotoka ng'ambo. Ilikaa nyuma ya pazia, ikakagua kila faili linalofunguliwa, ikaendelea na shughuli zake. Kompyuta ilipungua mwendo kidogo, kiasi cha mtu kupiga chafya, na hakuna aliyelalamika. Hilo ndilo lililoitia serikali wasiwasi. Kitu kinachofanya kazi bila mtu kulalamika, bila shaka hakijaundiwa kamati.

Ikaundwa Kamati ya Taifa, ya watu ishirini na wanne, ikaketi siku tisa. Siku ya tisa aliitwa mtaalamu.

"Kukagua mafaili kunakula nguvu ya mashine," alisema mtaalamu. "Ukimwongezea mlinzi kazi, kompyuta inachoka zaidi. Na mkiweka walinzi wawili kwenye kompyuta moja, wataanza kukaguana wao kwa wao. Ushauri wangu ni mlinzi mmoja, kazi moja, basi."

Alitumia dakika mbili. Kamati ikamsikitikia. Mtu kasoma kiasi kile, kisha hana maneno.

Mwenyekiti alikuwa Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Mbaraka Kitenzi. Akazungusha macho mezani kuona nani hajafungua mdomo tangu kikao kianze, macho yakatua kwa Faraji. Faraji hakuwa na hoja. Alikuwa akiitazama sambusa ya mwisho iliyobaki kwenye sahani na kupiga hesabu ya nani mwingine anaitazama. Lakini mtu wa cheo chake hawezi kusema hana hoja. Akasimama, akawasalimu wajumbe wote ishirini na watatu kwa majina yao, na alipofika kwa wa kumi na saba hoja ikamjia yenyewe.

"Waheshimiwa, mimi si mtaalamu," alisema. "Nauliza tu kama mtu aliyelelewa. Huyu mgeni anaingia majumbani mwetu mpaka vyumbani, anafunua masanduku, anapekua hati za babu zetu na picha za harusi zetu, na tangu aje hajasema hata hujambo. Je, huyo ni mlinzi, au ni mwizi asiye na haraka?"

Kisha Waziri akapiga meza kwa kiganja, na wajumbe wote wakapiga meza, na katika ile tafrani mtu mwingine akaichukua sambusa.

Jioni hiyo hiyo Faraji alikabidhiwa kuandika Kanuni. Iliyopata umaarufu ni ya Saba: "Hakuna faili litakalopekuliwa kabla ya kupigiwa hodi na kujuliwa hali, kwa kadiri ya umri na heshima yake." Aliandika na nyingine kadhaa ili ukurasa ujae. Ya Tisa ilisema kwamba mpiga hodi asipoitikiwa mara tatu atarudi alikotoka, bila kununa. Hiyo hakuna aliyeisoma.

*

Programu ya ng'ambo ikatimuliwa, ikaja ya kwetu, samahani, ya kwao, iitwayo Mlinzi Mwema.

Mlinzi Mwema aliamkia kila faili. Faili lenye umri wa zaidi ya miaka kumi alilipa shikamoo. Lenye mhuri wa serikali alilisimamia wima. Faili lililotumwa kutoka mbali aliliuliza habari za safari na za huko lilikotoka. Kwenye picha za harusi aliwasalimu wageni wote mmoja mmoja, kuanzia safu ya mbele, na asiyeonekana vizuri nyuma ya nguzo aliulizwa kama ni mzima. Hati ya mirathi alipoikuta aliipa pole ya msiba, kisha akaketi kimya kwa muda unaostahili.

Likajitokeza tatizo dogo. Mafaili hayakuitika. Mlinzi, kwa vile alikuwa na malezi mema, hakuyapita yaliyonyamaza. Alirudia salamu kwa sauti ya upole. Wizara ikatengeneza programu ya pili, jina lake Mwitikiaji, ya kuitika kwa niaba ya mafaili. Kisha Waziri akapata shaka kama salamu zinatolewa kweli au wale wawili wamekubaliana tu. Ikaongezwa programu ya tatu, Shahidi, ya kusikiliza na kuandika. Sasa kila kompyuta ya nyumbani ilikuwa na watatu ndani wakizungumza, na mwenye kompyuta amekaa nje anangoja zamu.

Kompyuta ya Faraji zamani iliwaka kabla hajamaliza kuvuta kiti. Sasa ilibidi aiwashe akiamka kwa sala ya alfajiri ili aitumie baada ya adhuhuri. Feni yake ilinguruma mpaka paka akahama nyumba. Mgongo wa kompyuta ulipata joto zuri, na Bi Saumu akazoea kuweka pale bakuli la unga wa maandazi uumuke. Siku moja Faraji alitaka kuandika neno "Ndugu". Akapiga herufi zote tano, akaona N peke yake, akaenda kuoga, akarudi akakuta imefika d.

"Inakuja," alijipa moyo. "Kizuri hakina haraka."

Bi Saumu naye alifungua faili lake la mapishi ya pilau. Mlinzi akapiga hodi. Mwitikiaji alipoona ni faili la chakula, akasema kama atakavyosema mtu yeyote mwungwana: karibu chakula. Mlinzi hakuweza kukataa bila kuonja. Hawakutoka humo kwa dakika arobaini, na Shahidi akawa anaandika vijiko.

"Baba Somoe," aliita Bi Saumu kutoka jikoni, "hawa watu wako wanakula nini humo ndani?"

"Wanajuliana hali, mke wangu. Adabu inataka subira."

"Uambie basi na mchele usubiri. Umeshakuwa uji."

Faraji alikula uji ule wa pilau bila kunung'unika. Aliutambua mkono wake mwenyewe katika upishi.

Mwisho wa mwaka Waziri alisoma taarifa mbele ya taifa. Zilitolewa salamu milioni mia nne na kumi majumbani. Virusi vilivyokutwa ni viwili. Vyote viwili viliitika vizuri, kwa unyenyekevu, vikauliza na hali ya Mlinzi mwenyewe, kwa hiyo viliachiwa viendelee na safari zao. Ukumbi ukasimama na kupiga makofi. Faraji akavishwa Nishani ya Adabu, daraja la pili. Ya daraja la kwanza Waziri alikuwa amejivisha mwenyewe asubuhi ili kuokoa muda.

*

Faraji na Bi Saumu walikuwa na mtoto mmoja, Somoe, mchoraji wa ramani. Alimaliza masomo miaka mitatu nyuma na hakupata kazi, kwa sababu ofisi ya ramani ya nchi ilifungwa ilipogundulika kwamba nchi iliyo kwenye ramani ni ndogo kuliko nchi iliyo kwenye hotuba. Hakukaa bure. Kwa miaka hiyo mitatu alitembea kwa miguu mabonde yote ya wilaya, akapima na kuchora kila kijito na kila mahali kinapofurika, ikawa ramani moja kubwa aliyoihifadhi kwenye kompyuta ya nyumbani.

Ndipo ikaja barua kutoka Shirika la Ramani la nchi jirani. Ilikuwa na mistari mitatu na haikuwa na salamu hata moja. Mkono wa Faraji ulimwasha kuirudisha. Walikuwa na nafasi moja. Wangemsaili Somoe kwa video siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, kwa dakika kumi na mbili. Aonyeshe ramani yake na kuieleza.

"Baba, kompyuta hii itaniangusha," alisema Somoe. "Tumwondoe Mlinzi siku moja tu. Nikimaliza tunamrudisha."

Faraji akashika nishani yake kama mtu anayeshika moyo. "Mwanangu, Kanuni ni yangu. Mimi nikimfukuza Mlinzi, wengine watafanya nini? Tutaiwasha mapema, basi."

Wakaiwasha Jumanne.

Jumatano mchana ramani ilianza kufunguka. Mlinzi aliuamkia kwanza mto mkubwa, akapanda nao mpaka chanzo chake, akashuka tawi baada ya tawi, akikiuliza kila kijito habari za mama yake. Alhamisi saa tatu na nusu kilibaki kijito kimoja tu. Somoe alikwisha vaa gauni lake la bluu, Bi Saumu alikwisha soma dua mara mbili, na Faraji alisimama nyuma ya kiti mikono mgongoni, ameridhika.

Saa nne kasoro dakika kumi, Wizara ikatuma maboresho. Wizara hutuma maboresho pale tu mtu anapokuwa na haraka. Nadhani wana kifaa cha kupimia. Mlinzi na Mwitikiaji wakaboreshwa katika sekunde moja, wakaandikiwa tarehe moja ya kuzaliwa. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Zamani Mlinzi, ingawa alitangulia kuundwa, aliandikwa mdogo, akaamkia, Mwitikiaji akaitika, maisha yakaenda. Sasa walikuwa na umri mmoja, na kila mmoja akajiona mkubwa. Mlinzi akangoja aamkiwe. Mwitikiaji akangoja aamkiwe. Shahidi akangoja cha kuandika. Kompyuta ikaganda.

Ikafika saa nne. Kiduara kilizunguka katikati ya skrini. Ikafika saa nne na dakika moja, kiduara kikaacha hata kuzunguka.

Somoe alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Faraji akaitazama ile mikono, akaona ina makovu ya miiba, mengine ya zamani, mengine bado mekundu. Yeye aliyemuuliza kila mpita njia habari za magoti ya wazazi wake, hakuwahi kumuuliza mwanawe mikono imefanya nini. Aibu ilimshika mpaka masikio yakapata moto.

"Mtoe," akasema.

"Nani, baba?"

"Mlinzi. Na mwenzake. Na yule karani wao. Watoe wote."

"Na Kanuni?"

"Kanuni niliiandika nikiwaza sambusa. Watoe!"

Somoe akaizima kompyuta kwa nguvu, akaiwasha kwa njia wanayoijua mafundi, akawafuta wote watatu. Skrini iliuliza kama ana hakika. Ikauliza kama amewaaga. Faraji aliinama akajibu ndiyo kwa kidole chake mwenyewe.

Saa nne na dakika tatu, feni ikanyamaza. Nyumba ilikuwa na utulivu ambao hawakuusikia kwa mwaka mzima. Somoe akagusa, ramani ikafunguka yote, mito na vijito, kabla hajainua kidole. Akagusa tena, na wasaili watano wakatokea kwenye skrini, mama mmoja mwenye mvi katikati, saa ya mezani mbele yake.

Zilibaki dakika tisa, nazo zingetosha kabisa. Lakini watu watano walikuwa wameingia nyumbani kwa Faraji Mtondoo, na hakuna aliyekuwa amewaambia karibu.

"Hamjambo, waheshimiwa!" Sauti ilitoka kabla hajaiamuru. Aliinama juu ya bega la Somoe mpaka pua yake ikajaa skrini. "Karibuni, karibuni sana. Mama, shikamoo. Habari za huko? Za wazee? Mvua mmepata? Na wewe bwana wa pembeni, nakusikia unakohoa. Pole. Umejaribu tangawizi?"

"Baba," Somoe alinong'ona.

"Nawasalimu tu, mwanangu. Hawa ni wageni."

Na aliamini kwa moyo wake wote kwamba anamsaidia. Wakimpenda baba, watamkataaje binti? Bwana wa kikohozi, kwa kosa la kuwa mwungwana, alijibu kwamba tangawizi amejaribu, na hapo akamfungulia mlango. Faraji akamweleza na ya asali. Akaenda kwa wa tatu, kwa wa nne, kila mmoja kwa heshima yake. Alimfikia wa tano saa nne na dakika kumi na moja, na alikuwa anaanza kumuuliza habari za majirani zake, ndipo yule mama mwenye mvi akainua mkono.

"Muda umekwisha," alisema. "Asanteni."

Skrini ikawa nyeusi. Ndani ya kompyuta hapakuwa na Mlinzi, wala Mwitikiaji, wala Shahidi. Ilikuwa nyepesi na tayari kwa kazi yoyote.

Bi Saumu alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha jikoni mkononi. "Baba Somoe," alisema, "umewatoa watatu. Wa nne umemwacha."

*

Somoe aliinuka polepole. "Miaka mitatu, baba. Nilichotaka kwako ni dakika tisa za kunyamaza." Akaingia chumbani akafunga mlango, na hakuubamiza, jambo lililomuumiza Faraji zaidi kuliko kama angeubamiza.

Faraji akabaki peke yake mbele ya kompyuta. Alitaka kujicheka kama kawaida yake, kicheko kikagoma. Alijiona kama alivyo: mtu mzima, mwenye nishani, aliyemziba mwanawe mdomo kwa salamu. Mwishowe akavaa miwani ya kusomea, ile ya kweli, akaandika barua kwa Shirika la Ramani. Aliandika hivi: "Aliyezungumza ni mimi, si binti yangu. Ramani yake hamkuisikia. Naomba mumpe dakika zake." Aliisoma, akaona imesimama uchi, haina hata hujambo. Mkono ukaenda wenyewe kuongeza. Akaukalia. Kisha akaituma kwa mkono wa pili, ikaondoka papo hapo.

Jibu lilikuja alasiri. "Kesho saa nne. Dakika kumi na mbili. Mzee asiwepo."

Ijumaa asubuhi Somoe alimpita babaye ukumbini bila kumwamkia. Tangu mtoto yule ajue kusema haijapata kutokea. Faraji alisogea kando ampishe, akatoka nje, akaketi barazani kuulinda mlango. Aliapa kimoyomoyo kwamba neno halitamtoka mpaka Somoe amalize, maana alijijua: likitoka moja, mengine yatalifuata.

Jirani yao, Bi Havijawa, alipita na kikapu. "Mzee Faraji, umeamkaje?"

Faraji akatazama dari la baraza.

"Nimesema umeamkaje?" Bi Havijawa alingoja, akaweka kikapu chini, akangoja tena. Kisha akakiokota akaenda zake haraka, anageuka kila hatua tatu.

Wakati huo kule Wizarani kulikuwa na ubao mkubwa wa taa, kila kompyuta na taa yake. Taa ya nyumba ya Faraji ilikuwa imezimika tangu jana. Wataalamu waliketi wakajadili nyumba isiyosalimia ina maana gani, na kwa mila za nchi ile jibu lilikuwa moja tu: pana msiba, na aliyefariki ni mwenye nyumba. Mheshimiwa Waziri akahuzunika sana, akaagiza magari manne, mikeka, mtangazaji wa redio, na hotuba ya kurasa kumi na moja.

Walifika saa nne na dakika tatu. Msaidizi wa Waziri alishuka wa kwanza, akatazama barazani, akarudi garini.

"Mheshimiwa, marehemu anatutazama."

Waziri akashuka, akarekebisha koti, akasimama mbele ya ngazi. Dirisha lilikuwa wazi, na ndani sauti ya Somoe ilisikika, imara, haina haraka: "Hapa kijito kinapinda, na kila masika nyumba hizi saba huingia maji. Ramani ya zamani haikuzionyesha."

"Hodi!" aliita Waziri.

Neno lilikuwa ulimini mwa Faraji, mviringo, tayari. Karibu. Alikuwa amelisema maisha yake yote bila kulifikiri. Akilisema, watu ishirini wataingia na mikeka yao, watasalimiana mpaka adhuhuri. Akauma midomo.

"Mzee Faraji, tunakuona!" Waziri alisema.

Msaidizi akapekua kitabu. "Kumwona mtu si kuitikiwa, Mheshimiwa. Ni Kanuni ya Tisa. Asipoitika mara tatu tunarudi, bila kununa."

"Nani aliandika upuuzi huu?"

"Yeye, Mheshimiwa."

Waziri akavuta pumzi ya hotuba. "Hodi tena! Kwa niaba ya serikali, na wananchi wote wapenda adabu, na mimi binafsi!"

"Bonde hili nililipima kwa miguu," Somoe alikuwa akisema ndani. "Mara mbili. Mara ya kwanza nilikosea." Na mtu mmoja wa ng'ambo ya skrini akacheka, kicheko kizuri cha mtu anayesikiliza.

"Nishani uliyoivaa," Waziri alisema, na sasa sauti ilikuwa imepanda, "ni ya mtu anayeitika watu!"

Faraji aliitazama ile nishani kifuani. Aliipenda, sina haja ya kudanganya. Akaifungua, akashuka ngazi moja, akaiweka chini mbele ya viatu vya Waziri, akarudi kuketi. Msaidizi alipekua kitabu kuona kama nishani ni jibu. Haikuandikwa popote.

"Hodi," Waziri alisema mara ya tatu, taratibu, kama mtu anayeomba.

Machozi yalimtoka Faraji. Hakuna mtu aliyewahi kufika mlangoni pake akarudi bila karibu, na huyu alikuwa amekuja kumzika. Lakini alikaa, na alinyamaza. Msafara ukakunja mikeka. Waziri alijitahidi asinune mpaka ikabidi wasaidizi wamshike mkono, na magari manne yakaondoka. Mtangazaji wa redio, kwa kukosa neno, aliwatangazia wananchi kwamba marehemu anaendelea vizuri.

Baadaye kidogo mlango ukafunguka. Somoe alisimama pale na gauni lake la bluu. Aliona alama za magari, akaona kifua cha babaye hakina kitu, akaona pia macho yake yamelowa.

"Wamenichukua, baba. Naanza mwezi ujao."

Nyuma ya meno ya Faraji yalisongamana maswali arobaini. Walisemaje? Yule mama mwenye mvi ni mzima? Kikohozi cha yule bwana kimepoa? Huko kuna baridi? Utakaa kwa nani, na huyo nani wazazi wake wapo? Yote yalikuwa mlangoni, yamejipanga kwa umri.

Somoe akaja akaketi karibu naye, akaiweka ile mikono yenye makovu mapajani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," alisema Faraji, na hakuongeza neno.